Samaki wa Picha

Samaki wa kwanza alioza kabla jua halijafika utosini. Alikuwa mukeke mnono, nimemchagua mwenyewe kwa watu wa mitumbwi wa Magara waliobakizwa kuwavulia askari, nikamlaza juu ya sahani mpya ya bati iliyotolewa sandukuni asubuhi ileile, nikamzungushia ndizi. Bwana wa picha aliingiza kichwa chini ya kitambaa chake cheusi, akatoka, akasogeza sahani kidogo, akaingia tena, akatoka, akangoja wingu lipite. Wingu lilipopita nzi walikuwa wamekwisha kukaribishana. Kwenye picha, mahali pa samaki palionekana ukungu tu.

Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yangu siku zile za Wadachi: kutafuta vitu vya kuwekwa kwenye picha, kuvitengeneza pale vilipokosekana, na picha ikishapigwa, kuviondoa. Bwana alikuwa ametumwa na kampuni moja ya kwao iliyouza sahani za bati, taa za chemni, sabuni na vitambaa. Picha zingepelekwa kwa wachuuzi wa bara, ili mtu ambaye hajapata kuiona sahani ile aione imekaa nyumbani kwa mtu kama yeye, ina chakula ndani, aitamani. Ndivyo nyapara wake alivyonieleza. Nyumba ionekane, mkeka uonekane, chakula kionekane, lakini watu wasionekane. Watu, alisema nyapara, hutikisika.

Na watu wenyewe hawakuwapo. Rumonge, mji wetu wa ziwani, ilikuwa tupu. Malale yalikuwa yametembea mwambao wote, kuanzia kwetu mpaka Kabezi na kupita, ule ugonjwa unaoanza kwa homa na kuishia kwa usingizi usioamshika. Bwana mganga wa Kidachi alisema unaletwa na mbung'o wa vichakani kando ya maji. Kwanza vichaka vilifyekwa. Kisha ikatoka amri: kila mtu wa ufukweni apande milimani, kule mbung'o asikofika. Kaka yangu alimpandisha mkewe, akapandisha mbuzi, akang'oa na mlango wa nyumba akaenda nao. Hakuwa mtu wa kumwachia mtu mlango.

Walioruhusiwa kubaki chini ni askari, wagonjwa waliokuwa kambini, na mtu yeyote aliyekuwa na kazi ya Mzungu. Mama yangu alikuwa kambini. Kambi ilikuwa imezungushiwa matete, ng'ambo ya michikichi, na waliomo walipewa unga. Lakini mwenye ndugu aliruhusiwa kuletewa chakula kilichopikwa, mpaka langoni, na askari akiwa na moyo mwema, mpaka ndani. Ili ufike langoni lazima uwe unaishi chini. Ili uishi chini lazima uwe na kazi. Kazi yangu ikiisha, napanda mlima; nikipanda mlima, mama hana wa kumpelekea chakula. Hilo nilikuwa nalijua kila asubuhi kabla sijanawa uso.

Nilipata kazi hiyo kwa sababu ya mama mwenyewe. Nyapara, mtu wa pwani aliyependa kucheka na aliyevaa kanzu safi hata matopeni, alisimama sokoni siku za mwisho kabla watu hawajaondoka, akauliza nani anajua vyombo. Nikasema mimi. Mama yangu alikuwa mfinyanzi, mzaliwa wa Ubwari, ng'ambo ya ziwa. Baba alimwoa akamleta Rumonge, naye akaja na ufinyanzi wake. Wanawake wa hapa walimcheka, maana milimani kazi ya udongo wameachiwa Batwa, tena wanadharauliwa kwayo. Mama hakujali. Walimcheka asubuhi, alasiri wakaja kutaka chungu. Na chungu chake ulikitambua hata ukikikuta nyumba ya mbali, kwa sababu ukucha wa kidole chake cha shahada ulipasuliwa na kigae tangu ujana, haukuungana tena, na kila alipobonyeza udongo ulibaki mstari mdogo katikati ya alama. Hakuufuta. Alisema asiyeutaka mstari akafinyange chake.

Basi nikaanza kuingia nyumba za jirani kutafuta vitu. Mara za kwanza nilipiga hodi. Nilisimama mlangoni pa nyumba ninayojua haina mtu, au mahali palipokuwa na mlango, nikapiga hodi, nikangoja, kisha nikaingia. Baadaye niliacha. Watu walikuwa wamebeba walichoweza kubeba, wakaacha vizito na vikuukuu. Nilitoa kinu cha mama mmoja aliyekuwa akinisuka nywele nikiwa mdogo. Nilitoa kigoda cha fundi wa nyavu. Nilitoa mkeka uliochakaa mahali pawili, pale magoti yanapokaa wakati wa kusali, na mahali pa paji la uso palikuwa pamelainika. Nilijua ni magoti ya nani. Nilitazamia niumie, lakini sikuumia. Moyo ulikuwa umekufa ganzi, kama mguu uliokaliwa muda mrefu: unaubonyeza, unajua ni wako, basi.

Bwana wa picha hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kuchagua. Mkeka mpya aliukataa, akasema ukiangalia unaona duka. Mkeka wenye tundu aliukataa pia. Chungu nilikisugua kwa mchanga mpaka kikatakata, akatikisa kichwa, akanionyesha mafiga. Nikarudisha masizi niliyokuwa nimetoka kuyaondoa. Nilimwambia nyapara kwamba kwetu mwanamke anayeweka mgeni mbele ya chungu chenye masizi kiasi hiki angesemwa mtaa mzima.

"Mtaa uko wapi, bibi?" nyapara akaniuliza.

Nikaendelea kupaka masizi.

Tena sanduku lile la picha halikuona rangi kama tunavyoziona sisi. Bwana alinionyesha kwenye vioo vyake vya picha: mawese yetu, mekundu, fahari ya Rumonge, yalitoka meusi kama masizi. Ndizi mbivu nazo zilitoka nyeusi, utadhani zimetolewa motoni. Kwa hiyo tulidanganya. Mawese yakawa maziwa yaliyokorogwa na unga. Nyapara alicheka mpaka akakaa chini. "Mji mzima mmekula mawese tangu kuzaliwa," alisema, "leo mnapakua maziwa na kuyaita mawese." Ndizi nilizipaka majivu. Ugali wa kweli ulipasuka juani, ukanywea pembeni, ukaonekana umelala siku nyingi. Na samaki, nimekwisha kusema habari zake. Nilileta wa pili, na wa tatu. Bwana alikasirika, si kwangu, kwa samaki.

Ndipo akaniambia, kwa kinywa cha nyapara, nitengeneze chakula kisichooza.

Nilikwenda kwenye shimo la mama la udongo, nyuma ya michikichi, karibu na mto. Nilichimba, nikaondoa mizizi na vijiwe, nikakanda. Kisha nikaketi nikatwanga vigae vya vyungu vilivyovunjika mpaka vikawa unga, nikauchanganya ndani, kama nilivyofundishwa. Vigae ndivyo vinavyoufanya udongo usipasuke ukichomwa. Nilikuwa nimekwisha kuchanganya nilipokumbuka kwamba vitu hivi haviendi motoni. Vingekauka kivulini, vipakwe chokaa, vipigwe picha, vitupwe. Kutwanga kote kule kulikuwa bure. Lakini mikono haikuniuliza.

Nikafinyanga ndizi, moja moja. Nikafinyanga ugali, tonge kubwa la duara lenye alama za mwiko. Mwisho nikafinyanga samaki. Nilichukua ngozi ya mukeke, nikaitandaza juu ya udongo mbichi na kuikandamiza taratibu kwa kiganja, nilipoibandua magamba yote yakabaki pale, safu kwa safu. Nilipomaliza mkia nilimtazama, nikaona ni kazi nzuri. Mama alikuwa haongei sana kuhusu kazi nzuri. Alikuwa anakigonga chungu kwa kidole, anasikiliza, anaenda zake.

Sikumtia macho.

Sababu zilikuwa mbili. Ya kwanza niliijua tangu chuo cha Kurani. Mwalimu wetu alitufundisha kwamba anayetengeneza sura ya kiumbe mwenye roho ataambiwa siku ya Kiyama aipulizie uhai, na hataweza. Chungu hakina roho, ndizi haina roho, ugali ndiyo kabisa. Samaki ana roho. Nilijiambia kwamba samaki asiye na macho hajawa samaki bado, ni udongo wenye magamba tu. Nilikuwa na mama mgonjwa na sikutaka kuongeza neno jingine kwenye hesabu yangu.

Sababu ya pili ni kwamba ile sahani kubwa ya samaki ndiyo iliyokuwa picha ya mwisho. Taa zilikuwa zimepigwa picha, sabuni imepigwa, vitambaa vimepigwa vikiwa vimeanikwa juu ya kamba kana kwamba mtu amevifua. Samaki akikamilika, sahani imekamilika. Sahani ikikamilika, Bwana anafunga masanduku yake anangoja chombo cha kwenda Usumbura, na mimi napanda mlima.

"Macho wapi?" Bwana aliuliza alipomwona.

Nikasema udongo haujakauka vizuri. Kesho yake nikasema umekauka mno. Akachukua masizi na brashi yake mwenyewe, akamchora jicho; likachuruzika, likaonekana kidonda, nikaliosha. Akasema shanga nyeusi. Nikasema Rumonge nzima haina shanga nyeusi, na hiyo ilikuwa kweli, maana Rumonge nzima haikuwa na kitu. Nyapara akaniinamia, akasema kwa sauti ya chini, "Bibi, huyo samaki unamfuga?"

Nikamwambia, "Ndiyo, namfuga."

Hakucheka. Nadhani alikuwa ameniona njia ya kambini na kibuyu changu cha uji. Hakumwambia Bwana kitu. Alisema tu kwamba Bwana anataka kuondoka kabla mvua hazijaanza.

Mama alikuwa kwenye kibanda cha mwisho, upande wa ziwa. Zamani alikuwa mwanamke wa maneno mengi na hasira za haraka. Akigombana na mtu sokoni, watu walisogea kusikiliza. Malale yalimchukua maneno kwanza. Kisha wakamchoma sindano, na baada ya sindano alipata nguvu, akatembea, akaniuliza habari za mbuzi. Nikafurahi, nakiri nilifurahi. Halafu macho yakaanza kufifia, na haikuchukua muda yakazima kabisa. Watu walisema ni sindano. Wengine walisema ni ugonjwa wenyewe. Mimi sijui, na sikupata wa kumuuliza ambaye angenijibu. Baada ya macho, usingizi ulirudi. Alikuwa anaweza kulala akiwa na tonge mdomoni. Nilijifunza kulitoa kwa kidole kabla halijamkaba.

Siku hiyo askari wa langoni alikuwa yule mwenye moyo mwema. Nikaingia, nikaketi kando yake mkekani, nikamshika mkono.

"Shikamoo, mama."

Akaushika mkono wangu, akauvuta karibu, akaupapasa vidole kimoja kimoja mpaka kwenye kucha.

"Uko na udongo ku makucha," akasema.

Ilikuwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi kusema jambo lisilokuwa maji au baridi.

"Ndiyo, mama. Nafinyanga."

"Unafinyanga nini?"

"Samaki."

"Samaki ya kula?"

"Hapana, mama. Samaki ya picha. Kuna Mzungu anapiga picha ya sahani."

Akafikiri, au akasinzia, sikuweza kutambua. Kisha akasema, "Kesho umulete, nimuguse."

Kesho yake nilimfunga samaki kwenye jani la mgomba lililolowa, ili asikauke. Udongo ulikuwa bado unapokea alama, maana kila jioni nilikuwa namfunika kwa kitambaa chenye maji. Hiyo nayo ilikuwa sehemu ya kumfuga. Nikamweka mapajani pa mama. Alimpapasa kuanzia mkiani. Alikwenda polepole, kiganja kizima, kama anavyopapasa tumbo la chungu kutafuta mahali palipo pembamba. Alifika kwenye magamba akatulia.

"Uliweka vigae?"

"Niliweka."

"Muzuri."

Akafika kichwani. Vidole vikazunguka, vikarudi, vikazunguka tena.

"Huyu iko kipofu," akasema.

Nikamweleza aliyotufundisha mwalimu. Nilimweleza kwa kirefu, kama mtoto anayejitetea. Mama alisikiliza, uso wake umeelekea ukutani.

"Mimi sioni," akasema, "na huyu naye asione? Ya nini?"

Akatafuta mahali kwa kidole gumba, akapapata, kisha akabonyeza kidole cha shahada, akakizungusha kidogo, akakitoa. Hakukosea hata unywele. Jicho lilikaa pale jicho la mukeke linapokaa, juu kidogo ya pembe ya mdomo, na katikati yake ukabaki ule mstari wa ukucha uliopasuka. Samaki alinitazama. Mama akamgeuza upande wa pili, akainua kidole tena. Kidole kikabaki hewani. Nikangoja. Kikashuka taratibu mpaka mkekani, na mama alikuwa amelala.

Sikumwamsha. Nilimtoa samaki mapajani mwake, nikamfunga kwenye jani, nikaacha uji karibu na mkono wake, nikatoka.

Njiani, katikati ya michikichi, nilisimama nikamfungua. Udongo ulikuwa bado laini. Kidole kimoja chenye maji kingetosha: pitisha mara moja, jicho limefutika, kesho namwambia Bwana nimejaribu nimeshindwa, napata siku nyingine, na nyingine baada ya hiyo. Kila siku ilikuwa kibuyu kimoja cha uji. Nilikitia mate kidole. Nilikiweka pale pale, juu ya jicho, nikausikia ule mstari.

Sikuweza. Si kwamba nilifikiri, maana siku zile sikuwa nafikiri. Kidole hakikwenda. Nikamfunga samaki nikaondoka naye.

Bwana alipomwona alisema neno la kwao, akapiga makofi. "Sasa anaona," akasema kwa Kiswahili. Hakujali kwamba jicho ni moja. Sanduku lake lilimwona upande mmoja tu. Alipokauka kivulini nilimpaka chokaa, nikampangia ndizi za udongo na ugali wa udongo, nikaweka kinu nyuma, kigoda pembeni, mkeka chini wenye magoti ya jirani yangu. Upande wa mbele nikaweka chungu cha mama chenye masizi. Bwana akaingia chini ya kitambaa, akatoka, akangoja wingu. Nzi alikuja akatua juu ya samaki, akatembea, akaona hapana kitu, akaruka. Picha ikapigwa.

Nilimwuliza nyapara kama kuna kazi nyingine. Akatazama chini, akasema imebaki ya kuondoa vitu.

Nilidhani kuondoa ni kurudisha. Nilikuwa najua kila kitu kilikotoka. Lakini bwana mganga alikuwa ametoa amri kwamba vitu vya nyumba za ufukweni visipande chomboni wala visipande mlimani, vichomwe. Sahani za kampuni zilioshwa kwa maji ya moto, zikafungwa kwenye nyasi kavu, zikarudi sandukuni. Vilivyobaki tuliambiwa tuvitie kwenye shimo, nyuma ya nyumba aliyokuwa akikaa Bwana. Mimi ndiye niliyevibeba. Kinu, kigoda, mikeka, nyungo, kamba ya kuanikia. Askari akaelekeza bunduki yake kwenye ndizi, ugali na samaki.

"Hata udongo?" nyapara akauliza.

"Vyote," askari akasema.

Amri ilikuwa imesema vyote, na yeye hakuwa mtu wa kupunguza amri. Nikaviteremsha shimoni. Tukajaza makuti na magogo ya michikichi juu, tukawasha. Mawese yaliyokuwa yamebaki, ya kweli, yalimwagwa juu yake, na moto ukapanda kwa kishindo. Nilisimama nikautazama. Niliwaza: huu ni moto mzuri, umeanza na makuti, umeshika magogo, utakaa, mama angeupenda. Nilichowaza ni hicho tu. Askari hakuniacha ningoje upoe. Alikuwa ameambiwa anipandishe siku hiyohiyo.

Tulipita mbele ya kambi. Nilimwomba anipe nafasi, akanipa. Yule wa langoni akasema mama amelala. Nikamwachia kibuyu, nikasema akiamka apewe. Akasema atapewa. Nikapanda.

Habari ya kifo cha mama ilinifikia huko juu mvua zikiwa zinamalizika. Ililetwa na mwanamume aliyekuwa akibeba maji kambini, naye aliisema haraka, akiwa amesimama, kwa sababu alikuwa na nyumba nyingine za kupita. Nilitaka kujua nani alimwosha. Hakujua. Nilitaka kujua kama alikula. Akasema wale wa kibanda cha mwisho hawakuwa wakila tena, nisijisumbue. Kaka alichinja mbuzi, watu wakasoma hitima. Mimi nilipika. Nilipika vizuri, wali haukuungua. Wifi yangu alinitazama kwa jicho baya kwa sababu sikutoa chozi, na sikumlaumu. Nilimeza mate nikitafuta kilio, hakikuwapo. Watu wa mlimani walisema kwa adabu yao, "Mwihangane," yaani poleni, nami nikaitikia, "Murakoze," ahsanteni, kama mtu aliyepewa chumvi.

Miaka ilipita hivyo. Nililima, nilivuna, niliolewa na mtu mwenye heshima ambaye hakuuliza kwa nini sicheki. Vita vikaja, Wadachi wakaondoka, Wabelgiji wakaingia. Mwambao ukafunguliwa kidogo kidogo, watu wakaanza kuteremka, kwanza wavuvi, kisha wake zao. Kaka alirudi na mlango wake begani, akaushikiza kwenye nyumba mpya. Uliingia sawasawa, akajisifu kwa mwezi mzima.

Nami nikateremka. Nilikwenda kwanza kambini. Matete yalikuwa yamekwisha kuoza, ardhi imesawazika, michikichi michanga imeota popote ilipopenda. Makaburi yalikuwapo, hilo nililiona kwa mabonde madogo kwenye nyasi, mengi, yamefuatana. Sikujua lake ni lipi. Nilisimama, nikasoma Fatiha kuyaelekea yote, nikaondoka. Sikuhisi kitu. Nilikuwa nimezoea kutohisi, sikutazamia zaidi.

Nyumba ya Bwana wa picha ilikuwa imeanguka. Nyuma yake, juu ya lile shimo, palikuwa pameota maboga makubwa, maana boga hupenda majivu. Mume wangu alitaka tulime hapo. Nikashika jembe. Pigo la kwanza lilitoa majivu, la pili likagonga kitu, kikatoa sauti. Mfinyanzi anaijua ile sauti. Niliweka jembe chini nikachimba kwa mikono.

Ndizi zilikuwa zimevunjikavunjika. Ugali ulipasuka vipande viwili, kwa sababu udongo mnene haupendi moto wa ghafla. Samaki alikuwa mzima. Chokaa ilikuwa imebanduka, naye alikuwa mwekundu kama chungu chochote cha mama, na weusi wa moshi tumboni. Vigae vilikuwa vimemshika. Moto uliowashwa ili asibaki ndio uliomwivisha.

Jicho lilijaa udongo. Nilitafuta kijiti, nikalisafisha polepole, nikapuliza. Ule mstari ulikuwapo.

Nililia. Nililia nikiwa nimepiga magoti kwenye majivu ya mikeka ya jirani zangu, kwa sauti, bila aibu, mpaka mume wangu akaacha kazi akaja kusimama kando yangu asijue la kufanya na mikono yake. Akaniuliza kimenipata nini. Nikamwambia mama amekufa. Akasema, "Lini?"

Samaki bado ninaye. Yuko kwenye kidaka cha ukutani, upande wenye jicho unaelekea mlangoni. Wanaoingia humchukua, wakamgeuza, wakaniuliza kwa nini upande wa pili ni mtupu. Nawaambia kama ilivyokuwa: mama alilala kabla hajafika.